Rafu za wazi jikoni: yaliyonifunza miaka sita Kisumu

Dada, umeuliza kama rafu za wazi zinafaa jikoni, na uzipange vipi zisije zikafanana na za dukani. Mimi ninazo tangu tuhamie huku Mamboleo, mwaka wa sita huu. Zinafaa, lakini ni za vyombo unavyoosha kila siku. Vingine vitakusumbua.

Mwanzoni nilipanga sahani za wageni rafu ya juu kabisa ili zionekane. Sasa wewe unajua nyumba zetu, omena hukaangwa mara ngapi kwa wiki. Mvuke wa mafuta hupaa, hutua juu ya kila kitu, halafu vumbi huja likanasa papo hapo. Baada ya miezi miwili zile sahani zilikuwa na utando unaonata. Siku mama mkwe alipokuja ilibidi niziteremshe na kuziosha moja moja huku chakula kikipoa. Za kila siku, zilizokuwa rafu ya chini yake, zilikuwa safi kabisa, kwa sababu hazikai siku mbili bila kuguswa na sabuni. Nikavirudisha vya wageni kabatini na havijatoka tena ila kwa shughuli.

Halafu kuna wale wadudu wa ziwani. Jioni wanafuata taa, asubuhi unawakuta wamekufa ndani ya vikombe. Dawa ni kufudikiza: vikombe, bilauri, bakuli, vyote mdomo chini, kama mama zetu walivyofanya kwenye uchanja nje. Na uchanja ni nini kama si rafu ya wazi?

Usikubali rafu iwekwe juu ya jiko, hata fundi akisema panapendeza.

Kuhusu fundi, simama naye. Wa kwanza kwangu alitumia skrubu fupi zilizoshika plasta tu. Nikapandisha beli nzima ya unga, pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24. Usiku tukasikia kishindo. Asubuhi nikafagia unga na vigae vya bakuli pamoja. Wa pili alitoboa hadi ndani ya jiwe lenyewe, akatia plagi za plastiki, akapima kwa pimamaji, na kila sentimita 60 akaweka chuma cha kushikilia. Upana wa ubao ni sentimita 30, maana sahani ya chakula ni kama 27 na hutaki ichungulie nje. Mbao ni saiprasi iliyopakwa vanishi, hivyo kitambaa chenye maji ya moto na sabuni kinatosha kuitoa grisi. Unga siku hizi uko kwenye ndoo yenye kifuniko, sakafuni.

Kwa urembo, weka vya aina moja pamoja. Vikombe vyangu vya bati vyeupe viko safu moja, sahani zimepangwa kwa ukubwa, kubwa chini. Vitu vidogo vinavyotawanyika, kama viberiti na pakiti za majani chai, vimo ndani ya kikapu cha magugumaji, maana huku vinasukwa vizuri na rangi yake inaupendezesha ukuta mweupe. Ungo nimeutundika pembeni. Acha pia nafasi tupu, dada. Rafu iliyojaa pomoni haipendezi hata ikiwa safi.

Maharagwe, njugu na wimbi viko kwenye makopo ya glasi ya kifuniko cha kuzungusha, ya wiki mbili tu, kwa kuwa fukusi akiingia kopo moja hutaki awe amepata gunia. Viungo weka mbali na dirisha, jua hufifisha manjano.

Umesema nyumba ni ya kupanga. Muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Akikataa, nunua rafu ya chuma ya kusimama, na kwa vile mtoto wako ameanza kushikilia vitu akisimama, ifunge kwa waya kwenye grili ya dirisha kabla hujaweka hata sahani moja.