Dini na maswali ya chuo

SWALI: Mwalimu, salaam alekum. Ninasoma elimujamii hapa Bukavu, na memwari yangu, kazi ya kumaliza masomo, nataka niandike juu ya Waislamu wa mtaa wetu wa Kadutu. Papa mdogo, ndiye aliyenisomesha Kurani, anakataa. Anasema dini haichunguzwi kwa maswali ya chuo. Nifanye nini? – Binti wa Kadutu

JIBU: Alekum salaam, binti yangu. Hofu ya papa yako mdogo naielewa: wako walioandika juu yetu bila hata kuvua viatu mlangoni. Lakini Waislamu ndio waliotangulia kuuliza. Wakusanyaji wa hadithi za Mtume walitaka kujua kila neno limepita kwa nani. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikuta imeandikwa kwamba Nabii Musa alikuwa na wapiganaji 600,000. Akauliza: jeshi la namna hiyo lingepangwaje vitani? Nchi gani ingelibeba? Na alikuwa kadhi, amefia Cairo mwaka 1406 akiwa bado kadhi.

Bibi yangu alitoka Kasongo, Maniema. Vitabu vya wakoloni viliwaita watu wake "arabisés", wenye kuarabishwa. Yeye alijiita Mungwana, na neno lile la Kifaransa lilimuuma. Hapo historia inauliza: nani aliandika? Wengi walikuwa maofisa wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, waliopigana na watu wa Tippu Tip miaka ya 1892 hadi 1894, yeye mwenyewe akiwa ameshaondoka Kongo. Tippu Tip naye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, lakini huyo alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ana lake la kutetea. Wasome wote wawili, usimwamini mmoja peke yake.

Ila hakuna hata mmoja kati yao anayekwambia bibi alikuwa anafanya nini usiku wa maulidi. Nani alitoa mchele, nani aliketi karibu na mwalimu, kwa nini wanawake walikuwa na duara lao la dhikri, la kumtaja Mungu pamoja. Hiyo ndiyo kazi yako wewe wa elimujamii: kaa nao, saidia kuosha sahani, sikiliza. Kama dhikri ile ni halali au bidaa, yaani uzushi katika dini, usiulize wewe. Hilo ni la masheikh.

Anza na papa mdogo mwenyewe. Muulize alisomeshwa Kurani na nani, na huyo naye na nani, na walifikaje Bukavu. Andika majina yote kwa mpangilio anaoutaja yeye, kisha umsomee.