Kwa nini wapenzi hukimbilia Gretna Green

Dada, umeuliza kwa nini wapenzi wa riwaya za Regency (enzi ya Uingereza ya takriban 1811–1820) hutorokea Gretna Green, kijiji cha Uskoti kilicho mpakani na Uingereza, badala ya kuoana London. Ni sheria. Tangu 1754, Uingereza ilitaka aliye chini ya miaka 21 awe na ridhaa ya baba ndipo apate leseni ya ndoa. Bila leseni, ndoa ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, na mzazi aliweza kusimama akapinga. Uskoti sheria hiyo haikufika. Enzi hizo, wapenzi wakivuka tu mpaka, walitamka mbele ya mashahidi wawili kuwa wanaoana, pengine kwenye banda la mhunzi, basi wameoana.

Mimi humhurumia binti: siku kadhaa kwenye gari la farasi, na kwa kuwa hakukuwa na mkataba uliomlindia mali, fedha zake ziligeuka kuwa za mume papo hapo.