Jina limekosewa, na klipu sina

Miaka miwili baada ya harusi niliyoirekodi na kuihariri, shangazi wa bibi harusi alinipigia simu. Video yetu nzuri sana mwanangu, akasema, lakini jina la kaka yangu mmelikosea pale mwanzoni. Tunataka kuwatumia ndugu walioko Muscat, hebu turekebishie tu.

Nikamwambia hamna shida shangazi, kesho unaipata. Usiku nikafungua mradi kwenye Premiere, programu yangu ya kuhariri video: taimulaini, yaani ule mstari wa klipu zilizopangwa, nzima nyekundu, hakuna klipu inayopatikana. Klipu nilishazifuta zamani ili nipate nafasi ya kazi nyingine, nikijiambia kwamba faili la mradi ninalo, basi inatosha.

Haitoshi. Faili la mradi halina picha hata moja ndani yake. Ni maelekezo tu: chukua klipu ile, anzia hapa, katia pale, punguza sauti. Mimi nilibaki na maelekezo ya kupika pilau, na jikoni hakuna hata kitunguu. Nikaishia kufunika jina kwenye MP4 iliyokwisha kurendwa, yaani video kamili iliyokwishatolewa, ikaonekana kama plasta kwenye paji la uso. Shangazi alipoiona alisema, "Haya," na nyie mnaijua hiyo "haya".

Kutunza kila kitu milele siwezi, sijidanganyi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa tano ni gigabaiti 450, harusi moja tu hiyo. Kwa hiyo klipu ghafi nazitunza miezi 12 baada ya kukabidhi kazi, na mteja analisoma hilo kwenye ankara kabla hajalipa.

Miezi hiyo ikiisha, kuna vitu sivifuti. Cha kwanza ni toleo lisilo na maandishi yoyote, lililorendwa kwa ProRes 422, aina ya video isiyobanwa sana. Kwa HD ya fremu 25 linachukua kama gigabaiti 55 kwa saa. Ni zito, ndiyo, lakini jina likikosewa unaandika jingine juu yake, kazi ya dakika kumi. Cha pili ni sauti za hotuba na za MC, kila moja peke yake, kwenye WAV, faili la sauti isiyobanwa. Kisha muziki, fonti, yaani miundo ya herufi za maandishi (watu wengi huzisahau!) na mradi wenyewe.

Anayetumia DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, awe macho hapa: mradi wake kwa kawaida hukaa kwenye kanzidata ya programu, si kwenye folda ya kazi. Ukinakili folda ukadhani umemaliza, mradi umeuacha kwenye kompyuta. Utoe kama faili la .drp, au tengeneza akaivu ya .dra inayobeba na klipu zake. Kwenye Premiere kuna Project Manager, inakusanya klipu, picha na sauti zilizotumika na kuziweka mahali pamoja, hata ule wimbo ulioburuta kutoka kwenye flashi ya MC.

Nina diski mbili za kila kazi, moja ofisini, nyingine kwa dada yangu Kibaha. Mwizi au maji ya mvua hayawezi kufika kote usiku mmoja. Naziformati kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, ili zisomeke kwenye Windows na Mac. Mfumo wa zamani, FAT32, unakataa faili linalozidi gigabaiti 4. Na diski mpya siiamini mpaka niipitishe kwenye H2testw, programu ndogo ya kupima diski, inayoijaza data na kuisoma upya, kwa sababu nilishauziwa diski ya terabaiti 2 ambayo ndani yake palikuwa na flashi ndogo na kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Duka silitaji.

Kurenda sasa. Umeme ukikatika ukiwa asilimia 90, MP4 nyingi hazifunguki kabisa, kwani faharasa ya faili, inayoonyesha kila kipande kilipo, kwa kawaida huandikwa mwishoni. Usitegemee betri ya laptopu peke yake: diski kubwa ya nje yenye adapta yake huzimika papo hapo, na faili ulilokuwa unaliandika linakwenda nayo. Narenda kwenye diski ya ndani, sehemu kwa sehemu: kuingia ukumbini, keki, zawadi, hotuba. Umeme ukikatika napoteza keki, si harusi nzima. Mwisho naziunga, natoa ya mteja kwa H.264, aina ya video iliyobanwa, naitazama yote mwanzo mpaka mwisho. Ya WhatsApp naituma kama dokumenti. Ukiituma kama video inabanwa mpaka sura hazitambuliki.

Mwezi uliopita shangazi yuleyule kaniletea harusi ya mdogo wake bibi harusi. Kaja na majina yote kwenye karatasi, herufi kubwa, ya kaka yake kayapigia mstari mara mbili.