Jibu: Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo kushuka darasani

Dada wa Kondele, umeuliza kama mwanao wa Gredi 3 ni mvivu, maana alizibwa tundu la moyo akiwa mchanga na sasa hesabu zinamlemea. Si uvivu hata kidogo! Wangu naye alipasuliwa. Moyo ukapona, lakini kutulia na kushika maagizo mawili kwa pamoja kulimtesa sana. Kasoro zingine za moyo hupunguza oksijeni inayofika ubongoni hata kabla mtoto hajazaliwa, na siku za kliniki nazo humpotezea masomo. Tangu 2012 Shirika la Moyo la Marekani linashauri waliopasuliwa wakiwa wachanga wapimwe ukuaji wao wa akili na tabia mara kwa mara. Uliza kliniki ya watoto pale hospitali ya Jaramogi, Kisumu. Mwalimu amketishe mbele, ampe agizo moja moja.