Zinki kwenye plastiki: maswali yenu ya wiki hii

Haya wadau, tangu niseme kuna plastiki zinachanganywa na zinki oksaidi ya nano (unga wa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) ili zihimili jua, maswali yamemiminika. Najibu haya manne, mengine nivumilieni.

*Nina kitalu nyumba huku Mpunguzi, nailoni imeanza kupasuka msimu wa pili tu. Hiyo zinki ingenisaidia?*

Ingekusaidia mkuu. Kinachopasua ni miale ya UV, ile mikali ya jua isiyoonekana, inakata minyororo ya plastiki taratibu mpaka inakauka, na sisi Dodoma tupo mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari halafu kiangazi chetu hakiishi. Mi nilisahau ndoo nyuma ya nyumba, siku naenda kuinyanyua mdomo wake ukabaki mkononi, vidole vyote unga mweupe! Sasa zinki oksaidi inaimeza miale yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 375 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ila mwanga wa kuonekana unaoanzia kama 400 inauachia upite, kwa hiyo nyanya zako hazilali njaa. Chembe zikiwa ndogo, chini ya nanomita 100, nailoni inabaki angavu, zikiwa kubwa inapauka kama krimu ya watoto ya upele wa nepi, na ile nayo nyingi ni hiyo hiyo zinki.

*Mimi nauza matenki ya maji, je nitafute yenye zinki?*

Tenki jeusi lina masizi ya kaboni, kama asilimia 2 tu yanatosha kuzuia UV, tena bei chee. Usihangaike bosi. Zinki ni ya pale unapotaka mwanga upite au rangi ibaki nyeupe.

*Nipo chuo hapa Dom, nimeweka asilimia 10 kwenye polithini nikijua itakuwa imara, sampuli zinakatika kama biskuti. Nimekosea wapi?*

Mdogo wangu, umesonga ugali wenye mabuja. Chembe za nano zinapenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, na uso wa zinki oksaidi unapenda maji wakati polithini ni kama mafuta, haziivi chungu kimoja. Kila bonge likawa mahali pa ufa kuanzia. Chukua kipande chembamba ukiangalie juani, ukiona vidoti vyeupe basi jibu unalo. Anza na asilimia 1 mpaka 3, na chembe uzipake asidi ya steariki kwanza ndo uchanganye. Hata ukipatia, tegemea ugumu kupanda kidogo huku kuvutika kukipungua, huwezi kupata vyote.

Na hapa wengi wanapigwa: zinki iliyo uchi ikipigwa na jua inazalisha viini vikali vya oksijeni vinavyoila plastiki yenyewe, yaani mlinzi anageuka mwizi. Dawa yake ni kuzifunika chembe kwa silika, kitu kile kile cha mchanga. Kwa hiyo usipime sampuli maabara tu, iweke juu ya bati miezi kadhaa uivute tena.

*Dada yangu kauziwa vyombo vya chakula "vinavyoua bakteria" kwa sababu vina zinki. Kweli au tunapigwa?*

Zinki oksaidi inaua bakteria kweli, hata wale wa E. coli, ila ni wale wanaogusa uso wa chombo, wali uliolala katikati ya bakuli hauhusiki kabisa. Kwa hiyo aoshe kama kawaida. Halafu zinki oksaidi inayeyuka kwenye asidi, mi achari, ndimu na juisi ya zabibu nisingezilaza humo. Ulaya wana kikomo, zinki inayotoka kwenye plastiki kuingia kwenye chakula isizidi miligramu 5 kwa kilo, sasa muulize muuzaji kama ana karatasi ya kipimo. Akianza kucheka ujue hana.

Kuna mmoja kauliza eti mifuko ya rambo ikiwekwa zinki itaruhusiwa tena. Hapana kaka, katazo la 1 Juni 2019 halijali umechanganya nini ndani.