Unachoagiza ni kitoweo: majibu kwa wanaokula Kabalagala na Kansanga

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi kandokando ya barabara ya Ggaba, jijini Kampala, ambako mtu anaweza kula matooke (ndizi za kupika) mchana, injera (mkate mwembamba wa Kihabeshi) jioni na nyama choma usiku bila kupanda boda. Nimechagua tano.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi kutoka Mwanza, ninaishi Kansanga. Kila ninapoomba ugali na nyama ninaletewa sahani iliyojaa ndizi, wali, viazi vitamu na boga, ugali wenyewe ukiwa kidogo pembeni. Je, hawanielewi, au wananiongezea ili nilipe zaidi?*

Marahaba, mwanangu. Wamekuelewa, na hawajakuongezea hata shilingi moja. Kiganda hutenganisha mambo mawili ambayo sisi wazungumzaji wa Kiswahili hupenda kuyataja kwa pamoja: emmere, yaani matooke, ugali, wali, magimbi, mihogo, viazi, boga na kalo ya ulezi, na enva, yaani kile kinacholiwa pamoja na hivyo, kama vile nyama, kuku, samaki, maharage au mchuzi wa karanga uitwao binyebwa. Katika migahawa mingi ya mchana, bei iliyoandikwa ubaoni ni ya kitoweo, na emmere hufuata ndani ya bei hiyo hiyo. Usipotaja unachotaka, mpishi hukupakulia kidogo cha kila kilichopo, kwa kuwa sahani yenye aina moja tu huonekana kama amekunyima.

Ukitaka ugali pekee, sema mapema, kabla mwiko haujaingia chunguni, na uuite posho. Neno hilo ni letu wenyewe: lilikuwa jina la chakula alichogawiwa kibarua au askari, na kwa kuwa mgao huo mara nyingi ulikuwa unga wa mahindi, Uganda imeligeuza kuwa jina la ugali. Ikiwa fedha ni chache, agiza maharage au binyebwa, ambavyo kwa kawaida ni nafuu kuliko nyama, huku emmere ikibaki ile ile. Mchuzi ukiisha kabla ya chakula, omba ennyongeza; neno hilo nalo halihitaji mkalimani.

*Ninatoka kazini saa tisa alasiri. Nikifika kwenye mgahawa ninaoupenda, naambiwa "biwedde", vimekwisha. Kwa nini hawapiki zaidi, ilhali wateja tupo?*

Tatizo ni saa yako, ndugu yangu, wala si uvivu wao. Matooke humenywa asubuhi, hufungwa ndani ya majani ya migomba na kupikwa kwa mvuke. Yakishaiva hupondwa yakiwa ndani ya majani hayo hayo, kisha hurudishwa juu ya makaa ya moto mdogo ili yalainike na kuingiwa na harufu ya jani. Kazi hiyo hula asubuhi nzima, kwa hiyo mpishi hupika mara moja kwa siku, na sufuria ikiisha imekwisha. Mimi binafsi huushuku mgahawa wa kienyeji ambao saa kumi jioni bado una matooke mengi, kwa maana aidha hayakupendwa mchana au yamepashwa moto mara mbili. Fika kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Ukishindwa, mtafute muuza chapati, ambaye hupika ukimwangalia: rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai, au kikomando, ambayo ni chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage.

*Mimi ni mama wa Kibuli. Wakwe zangu wanakuja kutoka Mombasa, nao ni watu wa dini. Ningependa kuwalisha chakula cha Kiganda chenye heshima nje ya nyumbani, lakini nahofia nyama ya nguruwe. Unanishauri nini?*

Hofu yako ina msingi, dada, kwa sababu Kampala hupenda nguruwe waziwazi, na Kabalagala zaidi. Hata hivyo, kibanda kinachouza nguruwe pekee hakina hatari kwako, kwani hakijifichi. Hatari iko kwenye baa inayochoma kuku, mbuzi na nguruwe juu ya wavu mmoja, au inayokaanga vyote ndani ya mafuta yale yale. Kwa hiyo usitosheke na picha ya mwezi na nyota ukutani. Uliza maswali mawili: nani huchinja, na je, nguruwe huingia katika jiko hili? Mwenye mgahawa wa halali hatakasirika. Atakupeleka jikoni ukajionee. Ukiona anababaika, shukuru na uondoke.

Kuhusu chakula chenyewe, agiza luwombo. Inasimuliwa kwamba mpishi aliyeitwa Kawuuta ndiye aliyemwandalia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, chakula hiki mwaka 1887, na mpaka leo hubaki chakula cha mgeni. Jani changa la mgomba hupitishwa juu ya moto ili lilegee na lisipasuke, kisha kuku, nyama au binyebwa hufungwa ndani yake pamoja na mchuzi na kupikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Kila mgeni huwekewa kifungu chake na kukifungua mwenyewe, na ule mvuke wa kwanza unaompiga usoni ni sehemu ya mlo. Mhudumu akivifungulia jikoni, mkataze. Jani haliliwi, jambo ambalo wageni wa pwani, waliozoea majani ya kila namna mezani, wanapaswa kuambiwa mapema. Kwa kuwa hupikwa polepole, toa agizo siku moja kabla na utaje idadi kamili ya watu. Ikiwa wakwe watapenda siku nyingine kula kitu kinachofanana na cha kwao, migahawa ya Wasomali huko Kisenyi itawapa wali na mbuzi bila maswali mengi.

*Tulikwenda kwenye mgahawa wa Kihabeshi hapa Kabalagala. Mwanangu alionja injera akasema imechacha, nami nikaona aibu. Je, ilikuwa imeharibika? Pia mke wangu hali nyama, tuagize nini?*

Haikuharibika. Unga wa teff, nafaka ndogo ya Ethiopia, hukorogwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa kabla ya kumiminwa juu ya kikaango kipana, kwa hiyo uchachu ndio ladha yake. Mpe mtoto kipande kilichokaa chini ya mchuzi, kwani hapo uchachu hupungua. Mke wako atafurahia Jumatano na Ijumaa, siku ambazo Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai. Siku nyingine aulize chakula cha mfungo, naye ataletewa sinia ya dengu, mboga na shiro, ambayo ni uji mzito wa unga wa mazao ya jamii ya kunde. Sinia ni moja kwa wote na mkono ni wa kulia, mambo ambayo sisi hatufundishwi na mtu. Msikimbilie kuondoka: kahawa hutolewa kwa mizunguko mitatu, na mzunguko wa tatu huitwa baraka.

*Mimi ni Mtanzania. Mhudumu, msichana mkubwa kabisa, alipiga magoti akininawisha mikono. Niliona haya nikamwambia ainuke, naye akaonekana kuudhika. Nilikosa wapi?*

Ulikosa kwa nia njema. Katika malezi ya Kiganda, mwanamke hupiga magoti anapomsalimu au kumhudumia mtu anayemheshimu, na kumwinua mbele za watu ni kama kukataa salamu yake. Si katika kila mgahawa utauona utaratibu huu, na wako Waganda vijana wanaoupinga, lakini mjadala huo ni wao, na wakati wake si ule ambao birika liko mkononi. Nawa, sema "weebale nnyo, nnyabo", yaani asante sana, mama, kisha ule. Unapoingia, tangulia kusema "gyebale ko" kabla ya kutaja unachotaka. Kiswahili chetu cha "nipe" kikianza bila salamu husikika hapa kama amri ya askari. Na kuhusu bakshishi: si lazima, ila noti ya shilingi 1,000 hupokelewa kwa furaha, wakati noti ya 50,000 kwa sahani moja ya maharage itamfanya msichana yule yule azunguke vibanda vitatu akitafuta chenji.