Dereva apimwe mara moja, cheti kikubalike kote

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: kirusi cha mfumo wa kupumua kikizuka tena, Kenya ifunge mipaka au ishirikiane na majirani? Mimi nauza vitunguu na machungwa ya Tanzania hapa soko la Marikiti, na jibu langu ni hili. Abiria wazuiwe kwa muda ikibidi. Lori lipite, na kipimo alichopimwa dereva upande mmoja kikubalike upande wa pili.

Mwaka 2020 hatukukosa onyo. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona 13 Machi, Rwanda siku iliyofuata, Tanzania tarehe 16, Uganda tarehe 21. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini kila serikali ikashika njia yake. Rwanda iliwafungia watu majumbani. Sisi tukawekewa kafyu, kisha mwanzoni mwa Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Tanzania iliacha shughuli ziendelee, na mapema Mei ikaacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka. Hesabu ilisimama kwenye visa 509. Hapo ndipo imani ilipokatika. Jirani akinyamaza kuhusu wagonjwa wake, wewe utapanga nini?

Tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta akafunga mipaka ya Tanzania na Somalia, isipokuwa kwa mizigo, na madereva wapimwe kwanza. Sipingi kupima. Shida ilikuwa kwamba kila upande uliamini maabara yake tu. Pale Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, Kenya ikisema dereva ana virusi, Arusha inasema amepimwa upya na hana. Wakubwa wakibishana, lori limesimama juani na vitunguu vinaota ndani ya neti. Vikifika huku nusu ni vya kutupa, bei imepanda, na mama mboga wa mtaa wa Kayole anaambiwa na wateja wake kwamba ni mwizi.

Malaba nako, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ilifika makumi ya kilomita, madereva wakilala chini ya malori wakisubiri majibu ya Uganda. Rwanda ilitaka dereva wa kigeni akabidhi gari kwa dereva Mnyarwanda pale Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Uganda hata ikawaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu ya wagonjwa wake. Mtu aliyetuletea chakula na mafuta wakati sisi tumejifungia ndani, hakuna nchi iliyotaka kumhesabu! Hilo linaniuma hadi leo.

Na wakati huo wote njia za panya zilikuwa wazi. Wamaasai wa Namanga wana ndugu pande zote mbili, na Taveta ya Kenya na Holili ya Tanzania ni watu wa soko moja. Ukifunga geti, watu hawa watapita porini, ambako hakuna wa kuwapima wala kuandika majina yao. Kwa hiyo kufunga kabisa kunamnyima daktari habari anazozihitaji.

Marais walipokutana kwa video 12 Mei 2020, Tanzania na Burundi hazikuwepo. Hata hivyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata jambo zuri: mfumo wa kielektroniki wa kumfuatilia dereva, wenye cheti cha kipimo ambacho nchi nyingine inaweza kukisoma. Ulikuja foleni zikiwa zimeshatuumiza. Agosti mwaka huohuo Kenya na Tanzania zikagombana tena, safari hii juu ya ndege: Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakulazimika kukaa karantini, nayo Tanzania ikaizuia Kenya Airways. Mgogoro uliisha Septemba, na sidhani kuna mgonjwa hata mmoja aliyepona kwa sababu yake.

Wakati ule Jumuiya ilikuwa na nchi 6. Leo ni 8, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia zikiwemo. Wabunge wetu wa Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha waandike sasa, kabla ya ugonjwa: takwimu zitolewe kila siku na kila nchi, kipimo cha dereva kiwe bure na majibu yatoke siku hiyohiyo, na Namanga, Malaba na Busia ziwe na vyoo, maji na mahali pa kulala pa madereva wanaosubiri. Pesa za kulipia zitengwe kwenye bajeti ya pamoja, mzigo usije ukaachiwa nchi yenye kituo cha mpaka peke yake.

Msomaji wenu, Marikiti, Nairobi